Herufi Moja katika Damu: Jinsi Seli Isomavyo Maandishi ya Urithi na Kutunga Protini

Kila sekunde ipitayo, uboho uliomo ndani ya mifupa ya mtu mzima mwenye afya hutoa chembe nyekundu za damu zipatazo milioni mbili. Kila chembe hutoka ikiwa imesheheni himoglobini, ile protini ichukuayo oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka katika kila sehemu ya mwili. Molekuli za protini hiyo zilizomo katika chembe moja tu hukadiriwa kufikia milioni 270. Hata hivyo, katika maelfu ya watoto wazaliwao kila mwaka katika Afrika Mashariki, kazi hiyohiyo, ikifanywa kwa usahihi uleule, hutoa himoglobini yenye kuumiza.

Tunayasisitiza maneno haya, “kwa usahihi uleule”. Seli ya mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu haikosei inapotunga protini zake. Husoma vizuri, hunakili vizuri, hutunga vizuri. Kilicho na tofauti ni maandishi yenyewe, na tofauti hiyo ni ya herufi moja.

Vitabu vya shule kwa kawaida hueleza utungaji wa protini katika sura moja, na selimundu katika sura nyingine ihusuyo urithi. Mwanafunzi huzikariri sura hizo mbili bila kuziunganisha, na akiulizwa kwa nini mtoto wa jirani yake hulia kwa maumivu ya viungo, hujibu kwamba “amerithi chembe zenye umbo la mundu”. Jibu hilo si sahihi. Hakuna arithiye umbo la chembe. Arithicho mtu ni maandishi, na kati ya maandishi na umbo kuna safari ndefu ambayo yafaa tuifuate hatua kwa hatua.

MTUNGO WA SHANGA

Protini ni mnyororo wa molekuli ndogo ziitwazo asidi amino. Ziko aina 20 za asidi amino zitumikazo katika kazi hii, nazo hufungamana moja baada ya nyingine kama shanga katika uzi. Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne: miwili iitwayo alfa, yenye asidi amino 141 kila mmoja, na miwili iitwayo beta, yenye asidi amino 146 kila mmoja. Kila mnyororo hushika kipande chenye chembe ya madini ya chuma, na hapo ndipo oksijeni inaposhikwa.

Mfano wa shanga unafaa kwa hatua ya kwanza tu. Mtungo wa shanga ukiuweka mezani hulala jinsi ulivyouweka, ilhali mnyororo wa protini hujikunja wenyewe. Baadhi ya asidi amino hupenda maji na hukaa nje; nyingine huyakwepa maji na kujificha ndani; zenye chaji hasi huvutana na zenye chaji chanya. Mpangilio wa shanga ndio uamuao umbo la mwisho, na umbo ndilo liamualo kazi. Basi swali lote ni hili: seli hujuaje mpangilio?

Mpangilio umeandikwa katika DNA, ndani ya kiini cha seli, kwa herufi nne za kikemia: adenini, thimini, guanini na sitosini, ambazo kimataifa hufupishwa A, T, G na C. DNA ina nyuzi mbili zilizosokotana, na daima A ya uzi mmoja hukabili T ya uzi wa pili, na G hukabili C. Jeni ya mnyororo wa beta imo katika kromosomu ya 11, nayo ina urefu wa herufi zipatazo 1,600. Jeni za mnyororo wa alfa zimo katika kromosomu ya 16. Kila seli ya mwili yenye kiini inazo jeni hizo, hata seli za ngozi na za ubongo, lakini ni seli changa za damu tu zinazozisoma kwa wingi.

NAKALA ITOKAYO KIINI

DNA haitoki ndani ya kiini. Ni kama kitabu cha maktaba kisichoazimwa: atakaye habari zake hana budi kunakili ukurasa anaouhitaji. Mnakili ni kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi. Hufungua nyuzi mbili za DNA kwa kipande kifupi, husoma uzi mmoja, na kuunda uzi mpya wa RNA ambao herufi zake hukabili zile za uzi uliosomwa. Katika RNA mahali pa T hukaa U, yaani urasili.

Nakala hiyo haitumiki mara moja. Mwaka 1977 wanasayansi walishangaa kugundua kwamba jeni za viumbe wenye kiini katika seli zao, binadamu akiwamo, mara nyingi hukatizwa katikati na vipande visivyoandika protini yoyote, mithili ya gazeti liwekalo tangazo la sabuni katikati ya sentensi. Jeni ya beta ina vipande viwili vya namna hiyo. Kabla nakala haijatoka katika kiini, vipande hivyo hukatwa na kutupwa, na sehemu zilizobaki huungwa kwa uangalifu mkubwa, kwani kukosea kwa herufi moja tu mahali pa kiungo huvuruga yote yafuatayo. Nakala iliyokwisha safishwa huitwa RNA mjumbe.

LUGHA YA MANENO YA HERUFI TATU

Herufi nne zaandikaje asidi amino 20? Kama kila neno lingekuwa na herufi mbili, kungekuwa na maneno 16 tu, nayo hayatoshi. Maneno ya herufi tatu ni 64, nayo yanatosha na kuzidi. Hesabu hiyo iliwaelekeza wanasayansi njia, lakini haikuwapa kamusi. Kamusi ilianza kufunguliwa mwaka 1961 katika mji wa Bethesda, Marekani, pale Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walipochukua maji ya seli za bakteria zilizopasuliwa, wakatia ndani yake RNA iliyoundwa kwa herufi U pekee. Kilichotungwa kilikuwa mnyororo wa asidi amino ya aina moja tu, fenilalanini. Hivyo UUU ni neno la fenilalanini. Kufikia mwaka 1966 maneno yote 64 yalikuwa yamefahamika: 61 hutaja asidi amino, na matatu, UAA, UAG na UGA, maana yake ni “koma hapa”.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili ubaoni kwa Kiswahili chetu. Andika sentensi ya maneno ya herufi tatu: MTU ALE UJI LEO. Badili herufi moja ili ALE iwe ALA, na maana karibu haibadiliki. Ifanye AUE, na sasa una neno sahihi kabisa la Kiswahili ambalo limekaa mahali pasipolifaa. Kisha rudi kwenye sentensi ya awali, ufute herufi ya tatu, na uendelee kusoma tatu tatu: MTA LEU JIL EO. Kila kitu kilicho mbele ya pengo kimeharibika, ingawa ni herufi moja tu iliyoondoka. Aina hizi tatu za badiliko hutokea kweli katika jeni za binadamu. Inayotuhusu leo ni ile ya pili.

WACHUKUZI WASIOKAGULIWA

Asidi amino hazijui kusoma. Hakuna mvutano wa kikemia baina ya neno GAG na asidi iliyotajwa nalo, kama vile hakuna uhusiano wa asili baina ya herufi M, T na U na kiumbe mwenye miguu miwili. Lazima awepo mkalimani. Francis Crick alitabiri hivyo mwaka 1955, na miaka michache baadaye wakalimani hao wakaonekana: ni molekuli ndogo za RNA ziitwazo RNA mchukuzi. Upande mmoja mchukuzi ana herufi tatu zinazokabili neno lililomo katika RNA mjumbe. Upande wa pili amebeba asidi amino. Wanaompakia mzigo ni vimeng'enya maalumu, na hao ndio wajuao kweli mzigo upi ni wa mchukuzi yupi.

Mwaka 1962 yalitangazwa matokeo ya jaribio ambalo kwa maoni yetu linastahili nafasi kubwa zaidi katika vitabu vya shule. François Chapeville, Fritz Lipmann na wenzao walichukua RNA mchukuzi iliyokwisha pakiwa asidi amino iitwayo sisteini, kisha kwa njia ya kikemia wakaigeuza sisteini hiyo kuwa alanini, ikiwa ingali juu ya mchukuzi. Mchukuzi alikuwa na kitambulisho cha sisteini na mzigo wa alanini. Je, mtambo wa kutunga protini ungeukataa mzigo huo? Haukuukataa. Alanini iliingizwa mahali ambapo sisteini ilitakiwa. Mwaka uliofuata jambo hilo lilithibitishwa kwa kutumia himoglobini ya sungura. Mtambo hutazama kitambulisho tu, mzigo haukaguliwi.

Mtambo wenyewe huitwa ribosomu. Ina sehemu mbili, kubwa na ndogo, ambazo hukutana juu ya RNA mjumbe na kuikumbatia. Husogea juu yake neno baada ya neno, kuanzia neno AUG. Katika kila neno mchukuzi anayestahili hukaribishwa, mnyororo unaokua huhamishiwa juu ya mzigo wake, na mchukuzi aliyetangulia huondoka mtupu kwenda kupakia tena. Howard Dintzis, akitumia seli changa za damu ya sungura, alionyesha mwaka 1961 kwamba himoglobini hutungwa mfululizo kutoka ncha moja hadi nyingine, wala si vipande vipande vinavyoungwa baadaye. Na mnyororo mzima hukamilika katika muda usiofikia dakika mbili. Ribosomu nazo haziendi moja moja. Juu ya RNA mjumbe moja ya himoglobini kwa kawaida huonekana kama tano zikifuatana, kila moja ikiwa na mnyororo wake wenye urefu tofauti.

Seli nyekundu ina jambo lake la peke yake. Inapokaribia kukomaa hukitupa kiini chake, na pamoja nacho DNA yote. Kwa siku moja au mbili huendelea kutunga himoglobini kwa kutumia RNA mjumbe iliyobaki, kisha ribosomu nazo hutoweka. Tangu hapo chembe husafiri katika mishipa kwa muda wa siku zipatazo 120 ikitegemea kile ilichokwisha kutunga, bila uwezo wa kutengeneza kingine. Riziki aliyofungiwa msafiri siku ya kuondoka ndiyo atakayokula hadi mwisho wa safari.

NENO LA SITA

Sasa tuisome RNA mjumbe ya mnyororo wa beta, mwanzo wake tu: AUG GUG CAC CUG ACU CCU GAG. Neno AUG huweka asidi amino ya kuanzia, ambayo baadaye hukatwa. Kwa hiyo neno GAG ni la sita katika mnyororo uliokamilika, nalo hutaja asidi glutamiki. Katika jeni ya selimundu, A ya neno hilo imekuwa U, na neno limekuwa GUG, ambalo hutaja valini.

Tazama tena mwanzo wa ujumbe huo. Neno GUG limo tayari, mara tu baada ya AUG, na hapo ni mahali pake halali. Ribosomu ifikapo neno la sita na kukuta GUG haina sababu yoyote ya kushuku. Humkaribisha mchukuzi wa valini, mzigo hushushwa, na kazi huendelea hadi mwisho. Asidi amino 145 zilizobaki hazina tofauti yoyote na za mtu mwingine.

Neno hilohilo la sita lingeweza kubadilika kwa namna nyingine. Kama G ya mwisho ingekuwa A, neno lingekuwa GAA, ambalo nalo hutaja asidi glutamiki, na hakuna ambaye angejua. Kama G ya kwanza ingekuwa A, lingekuwa AAG, yaani lisini. Badiliko hilo lipo, hasa kwa watu wa Afrika Magharibi, na ugonjwa wake ni mwepesi zaidi. Kama G hiyo ya kwanza ingekuwa U, lingekuwa UAG, amri ya kukoma, na mnyororo ungekatika kabla haujaanza hasa. Badiliko la aina hiyo, lakini katika neno la 39, ndilo sababu ya upungufu mkubwa wa damu kwa watu wengi wa kisiwa cha Sardinia.

Kwa nini valini ilete madhara? Asidi glutamiki ina chaji hasi na hupenda maji. Valini haina chaji na huyakwepa. Nafasi ya sita iko juu ya uso wa molekuli. Himoglobini inapoachia oksijeni yake, umbo lake hubadilika kidogo, na uso wa molekuli ya jirani hufunua kishimo ambamo valini hiyo huingia na kushika. Ya kwanza hushika ya pili, ya pili ya tatu, hadi zinafanyika nyuzi ndefu ngumu zinazoivuta chembe na kuipa umbo la mundu. Chembe za namna hiyo hukwama katika mishipa midogo. Sehemu iliyonyimwa damu huuma kwa ukali usioelezeka, na mifupa, wengu, mapafu na ubongo vyaweza kuharibika. Aidha, badala ya siku 120, chembe hizo huishi siku kumi hadi ishirini tu, na uboho hauwezi kufidia upungufu huo.

Historia ya ugunduzi huu ilikwenda kinyumenyume. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha habari za chembe zilizopinda alizoziona chini ya hadubini. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwa njia ya umeme kwamba himoglobini ya wagonjwa ina chaji tofauti, wakauita ugonjwa huu ugonjwa wa molekuli. Kisha Vernon Ingram, huko Cambridge, aliikata himoglobini vipande vipande kwa kimeng'enya cha tripsini, akavitandaza juu ya karatasi, na kukuta kwamba madoa yote yamelingana isipokuwa moja. Kufikia mwaka 1957 alikuwa amejua kwamba ndani ya doa hilo asidi glutamiki moja imeachia nafasi valini moja. Kwa hiyo kosa katika maandishi lilitambuliwa miaka minne kabla mtu yeyote hajajua kusoma hata neno moja la maandishi hayo.

KWA NINI PWANI NA KANDO YA ZIWA

Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya beta, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mwenye GUG katika nakala moja hutunga himoglobini za aina zote mbili, na kwa kawaida huishi bila kujua. Wazazi wawili wa namna hiyo, katika kila mimba, wana nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye GUG mbili. Yafaa walimu walieleze jambo hili kwa uwazi, kwani katika nyumba nyingi lawama huangukia mama peke yake, na katika nyingine hutafutwa mchawi. Kwa kawaida ugonjwa hautokei mpaka nakala zote mbili, ya baba na ya mama, ziwe na herufi hiyo.

Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya damu nchini humo mwaka 1949 na kuona kwamba wenye nakala moja ni wengi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na wachache sana nyanda za juu. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Utafiti aliouchapisha mwaka 1954 ulionyesha kwamba nakala moja humkinga mtoto dhidi ya malaria. Nusu karne baadaye, mwaka 2005, watafiti wa Kilifi walipima kinga hiyo: hupunguza malaria nyepesi kwa karibu nusu, na malaria kali kwa karibu asilimia 90. Ndiyo maana herufi iliyopaswa kutoweka pamoja na watoto iliowaua imedumu kwetu vizazi na vizazi.

JENI ILIYONYAMAZA

Mtoto mwenye GUG mbili huzaliwa mzima. Tumboni mwa mama, kijusi hakitumii mnyororo wa beta bali mwingine uitwao gama, ambao jeni zake zimo katika kromosomu ileile ya 11, jirani na ile ya beta, nazo hazina kasoro. Baada ya kuzaliwa usomaji wa gama hupungua na wa beta huongezeka, na karibu na mwezi wa sita dalili huanza. Miezi hiyo ni nafasi adhimu: mtoto aliyepimwa akiwa mchanga huweza kuanzishiwa dawa za kuzuia maambukizo na chanjo kabla hajapatwa na madhara yoyote.

Dawa iitwayo haidroksiyurea, ambayo ni kidonge cha kumeza kila siku, huamsha kwa kiasi usomaji wa gama. Majaribio yaliyofanywa kwa watoto wa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, ambayo matokeo yake yalitangazwa mwishoni mwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba huwapunguzia watoto vipindi vya maumivu, maambukizo, malaria na hata vifo.

Mwaka 2008 ilifahamika kwamba ainyamazishaye gama ni protini nyingine, BCL11A, ambayo nayo hutungwa kwa njia ileile tuliyoieleza. Kutokana na ujuzi huo Uingereza, mwezi Novemba 2023, na Marekani, mwezi Desemba, ziliidhinisha tiba ambayo kwayo seli mama za damu hutolewa mwilini, sehemu ya DNA iamrishayo BCL11A isomwe katika seli za damu hukatwa, na seli hizo hurudishwa. Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na tiba huhitaji kwanza kuuangamiza uboho wa zamani kwa dawa kali, hivyo hospitali zetu nyingi bado ziko mbali nayo. Katika tiba hiyo neno la sita haliguswi. GUG hubaki palepale katika kila seli. Kilichobadilika ni ukurasa upi unaosomwa. Seli za uzazi nazo haziguswi, na mgonjwa aliyepona maumivu huendelea kuirithisha herufi hiyo kwa watoto wake.